Kufuli la Banda la Kuku

Nianze na ubaya wangu, ili asiyependa kukaa na mtu mwenye kijicho aondoke mapema. Mimi ni mtu wa wivu, na sikuupata ukubwani. Nilipokuwa msichana nilimwonea wivu dada yangu kwa sababu ya shingo yake ndefu. Nilipoolewa niliwaonea wivu wanawake wote wa kambi ambao nyumba zao zilikuwa karibu na bomba la maji kuliko yangu. Lakini hayo yote yalikuwa mchezo wa watoto. Wivu wenyewe, ule wa kumnyima mtu usingizi na kumharibia ladha ya ugali mdomoni, niliupata juu ya banda la kuku.

Nilizaliwa Lubumbashi, katika kambi ya wafanyakazi. Baba yangu alishuka kutoka kaskazini ya Katanga kufanya kazi ya reli, mume wangu alikuwa fundi katika karakana ya kampuni ya migodi, na mimi sikujua maisha mengine. Kampuni ilitupa nyumba. Ilitupa unga kila mwezi. Ilituma watu kupaka kuta zetu chokaa juu na lami chini, ili mchwa wasipande. Tena mara moja kwa mwaka ilimtuma bwana mmoja mwenye daftari aangalie ni mama gani ana lupango safi kuliko wengine. Lupango ndiyo kiwanja cha nyumba, kwa lugha yetu. Mwaka mmoja langu lilishinda, nikapewa beseni la enameli lenye maua mekundu. Sikulifulia nguo hata siku moja. Nililiegemeza dirishani ili wapita njia walione.

Kisha mambo yakaanza kuanguka. Mashine za kampuni zilisimama moja baada ya nyingine. Askari waliochoka kungoja mishahara walipora maduka ya mjini, na raia wakawafuata nyuma kubeba kilichobaki. Kwa macho yangu nilimwona mwanamume anapita barabarani amejitwika kiti cha daktari wa meno. Rafiki yangu wa nyumba ya pili, niliyelea watoto pamoja naye, alifukuzwa yeye na mumewe na watoto wao kwa sababu asili yao ilikuwa mkoa mwingine. Walipanda treni na sikumwona tena. Mwezi mmoja unga wa kampuni haukuja. Mwezi wa pili haukuja. Mwezi wa tatu tukaacha kuuliza.

Watoto wetu walikuwa wamekwisha kuoa na kuolewa, tukabaki wawili, na mume wangu aliendelea kwenda karakana. Alivaa kombinezoni yake ya buluu, yaani ovaroli, kila asubuhi, akaenda kukaa juu ya sanduku la vyuma mpaka saa nane, akarudi. Alikuwa na mdogo wake Pweto, kule Ziwa Mweru, aliyefanya biashara ya samaki wakavu, na mdogo huyo alikuwa anatuma maneno kwa kila gari lililoshuka: njooni, huku kuna kula. Mimi Pweto nilikwenda mara moja tu, nikiwa bibi harusi. Wanawake wa kule walinipa samaki nimpasue, nikamshika mkia kwa vidole viwili, wakacheka mpaka wakakaa chini. Niliapa sitarudi kuwachekesha.

Basi parokia yetu ikapata mpango. Mtawa mmoja, mwanamke mrefu asiyependa maneno mengi, aliwaambia akina mama wa kikundi chetu kwamba kila mmoja atapewa vifaranga ishirini wa kutaga, lakini banda kwanza. Asiye na banda hapati hata unyoya. Nilimfikishia mume wangu habari nyumbani.

"Kama bale bakuku banaanza kutaga mbele ya Noeli, tunabaki," alisema. "Kama hapana, tunaenda Pweto."

"Batataga."

"Mi sikatali, mama. Niko nasema tu."

Tulikubaliana hivyo, mezani, mchana, wala hakuna aliyepandisha sauti. Kuanzia siku ile maisha yangu yote niliyoyajua yalikaa juu ya matako ya kuku ambao walikuwa bado hawajafika.

Ilikuwa mwezi wa sita. Asiyeijua Lubumbashi hudhani ni joto mwaka mzima. Mwezi wa sita na wa saba asubuhi unatoa moshi mdomoni, upepo unaleta vumbi jekundu, na watu wanavaa makoti ya kuazima. Katika baridi hiyo tulizunguka kutafuta banda la kuiga. Kando ya barabara fundi mmoja alikuwa anauza mabanda ya mbao za masanduku, mafupi, yamezibwa kila upande. Mume wangu aliingiza mkono ndani, akautoa, akatikisa kichwa. Katika mtaa uitwao Kenya, hapo hapo mjini, tulimwona mzee aliyefuga kuku ndani ya basi dogo lililokufa, wengine wamelala juu ya usukani. Kwa mama mmoja mwalimu tulikuta banda la nyasi tupu, na panya wanaingia na kutoka kama wenye nyumba.

Jioni mume wangu alichukua kaa la moto uliozimika, akachora sakafuni jikoni. Banda lake lilikuwa refu na jembamba. Ukuta wa matofari ulifika magotini tu, na juu yake ni wavu wa waya pande zote. Paa ni la nyasi, limeshuka kama kofia pana, na pale juu kabisa kuna uwazi wa kutolea hewa ya moto. Mbavu zake fupi zitazame mashariki na magharibi, alisema, ili jua likipanda na likishuka lisipate mahali pa kuingilia. Alichora vizuri. Zamani kabla ya kuoana alinichorea hivyo hivyo nyumba ambayo angenijengea siku moja.

Nilitazama mchoro ule, nikaona kibanda cha porini.

"Nyasi?" nilimwuliza. "Mi nizalikie mu nyumba ya malata, halafu bakuku bangu balale mu nyasi? Bantu batasema nini?"

Malata ndiyo mabati. Kwetu kambini mabati na matofari ndiyo yalikuwa utu wenyewe. Mtu wa nyasi ni yule ambaye kampuni haikumwandika. Nilimwambia nataka banda kama nyumba zetu, kila kitu sawasawa: limepangwa kwenye mstari mmoja na nyumba, mlango unatazama barabara, dirisha moja dogo, chokaa juu, lami chini. Barabara yetu ilikuwa upande wa magharibi. Sikuliona jambo hilo. Nilikuwa namwona yule bwana mwenye daftari anapita, ingawa yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kufukuzwa kazi.

"Itakuwa na moto," mume wangu alisema.

"Bakuku banapenda moto."

Hakubishana. Alijenga nilichoagiza, kama alivyojenga vitu vya kampuni, kwa kipimo na bila neno. Mabati tuliyatoa kwenye paa la mahali pa kufulia, ambapo hakuna maji yaliyofika tena. Lilipokwisha, lilikuwa nyumba ya kambi iliyofupishwa. Wanawake walikuja kulitazama, na mimi nilisimama pembeni nikijifanya nafagia. Mtawa alipokuja kukagua, aliinama, akachungulia ndani, akauliza upepo unapita wapi. Nilimwonyesha dirisha. Akasema, "Mwezi wa tisa ufungue ukuta wa upande huu." Nikaitika ndiyo, kama tunavyowaitika watawa, na akaniandika.

Wakati huohuo nyumba ya rafiki yangu ilipata mpangaji. Alikuwa mwanamke kijana kutoka Kivu ya Kaskazini. Mume wake alikuwa mfanyabiashara, na duka lao la mjini lilikuwa limeporwa mpaka rafu. Walibakiwa na lori moja. Mumewe alikuwa akilipeleka njia ya Kasenga kutafuta unga na samaki, mpaka likamharibikia Kasomeno, na huko akawa analala chini yake kungoja kipuri ambacho hakikuja. Mke alikaa peke yake na mtoto mchanga mgongoni. Alikuwa na mwanya, na sauti ya taratibu, na tangu siku ya kwanza aliniita yaya, yaani dada mkubwa. Sikumtuma aniite hivyo. Kila nilipomwona anachochea moto katika jiko la rafiki yangu, roho iliniuma kama vile yeye ndiye aliyemfukuza.

Naye aliingia katika kikundi cha akina mama, naye akaahidiwa vifaranga ishirini, naye akahitaji banda. Alikuja kuomba msaada mimi nikiwapo, kwa adabu, mikono miwili mbele.

"Yaya, naomba bwana yako anisaidie na nyumba ya bakuku. Mi sijue kujenga."

Ningesema nini? Nilisema ndiyo. Mume wangu alichukua kijiti, akachora mchangani. Nilikuwa nasubiri achore banda langu. Alichora lile la kaa, lile la sakafuni, nyasi na wavu na kofia pana, na yule mwanamke akaliangalia na kusema kwa maneno mawili tu kwamba ndilo hilo.

"Njo ile."

Huo ndio mwanzo. Mume wangu alikwenda kwake kila siku baada ya karakana, majuma mawili mazima. Kwangu alijenga kimya. Kule alipiga mluzi. Niliusikia mluzi ule nikiwa napepeta unga, nikapepeta mpaka nikamwaga. Kwenye ua wetu wa matete kulikuwa na tundu, na sisemi lilitoka wapi, na kupitia tundu hilo niliona kila kitu. Nilimwona akinyoosha waya mmojammoja, waya wa kuchujia mawe ambao aliuokota nyuma ya karakana. Mbona mimi hakuniokotea waya? Nilijua jibu, nilikuwa nimeukataa, lakini swali lilinipendeza kuliko jibu. Nilimwona akikata mpira wa mkanda wa mashine kutengeneza bawaba za mlango, bawaba kama zile alizonitengenezea dirisha la chumbani mwaka wa kwanza wa ndoa yetu. Zangu zilikuwa zimekwisha kukatika, na dirisha tulilifunga kwa kamba.

Na chai. Watu wa Kivu wana chai yao, ya maziwa na tangawizi. Mume wangu, ambaye miaka yote alikunywa maji na kushukuru Mungu, alikuwa anapewa chai kule katika kikombe chenye mfuniko. Siku moja alikaa mezani kwangu, akatazama kikombe cha maji, akauliza kama tuna tangawizi.

"Tangawizi ya nini?" nilimwuliza.

"Nauliza tu."

Nilimpikia maharage bila chumvi siku tatu. Alikula yote, na hilo likanizidishia hasira.

Banda lile lilisimama karibu kabisa na ua wetu, mbele ya jiko langu. Kiwanja cha yule mwanamke kilikuwa kikubwa, kulikuwa na kivuli kizuri chini ya mwavokado upande wa pili, lakini walilileta hapa, ili kila nikiinua macho kutoka kwenye sufuria nilione. Niliamini walifanya makusudi. Katika hilo sikukosea, ila sababu ndiyo sikuijua.

Vifaranga walifika mwezi wa saba, baridi ikiwa kali kabisa, na kwa muda mfupi Mungu alinipendelea. Banda langu lilihifadhi joto kama blanketi. Vifaranga wangu walikula, wakalala, wakaota manyoya. Wa jirani yangu walijikunyata katika kona. Aliteremsha magunia ya unga kwenye wavu kama mapazia, akaweka ndani mbabula, jiko la makaa, akakaa nayo macho mekundu, na bado wawili walikufa. Nilikwenda kumpa pole. Nilimpa pole ndefu, na pole ile ilikuwa tamu mdomoni mwangu. Nilirudi nyumbani nikamwambia mume wangu, "Unaona? Mupepo haina muzuri."

"Inchi hii iko na baridi miezi mbili," alijibu. "Ingine kumi iko jua."

Mwezi wa tisa jirani yangu alikunja magunia yake juu, akayafunga kwa kamba, na upepo ukaanza kupita ndani ya banda lake kutoka upande huu mpaka upande ule. Mimi sikufungua ukuta wowote. Mchana kuku wangu, ambao sasa walikuwa wakubwa na wekundu wa kupendeza, walisimama midomo wazi, mabawa wameyaachanisha na mbavu kama mtu aliyevaa shati lililolowa. Mume wangu alisema tutoe bati moja tu, pale nyuma, hata halitaonekana. Kama angesema siku nyingine, au mtu mwingine angesema, labda ningekubali.

"Unataka yangu ifanane na yake," nilimwambia.

"Nataka bakuku babakie wazima."

"Basi enda ukachunge bale ba kule."

Alinitazama. Akaenda. Kweli akaenda, na nikamsikia huko ng'ambo ya ua akipigilia misumari chombo cha kunyweshea maji.

Siku chache baadaye nilitoka sokoni nikamkuta jirani yangu ndani ya lupango langu. Mlango wa banda ulikuwa wazi, kuku wangu wametoka, wamejilaza kwenye kivuli cha nyumba, na yeye amechuchumaa anawanywesha. Alisema aliwasikia wanahema. Alisema samahani, yaya. Nami niliyoyasikia yalikuwa mengine kabisa. Nilisikia kwamba yeye na mume wangu wamekwisha kuzungumza habari zangu, kwamba wamekubaliana mimi ni mjinga, na kwamba baada ya mume wangu sasa anachukua na kuku. Nilimshukuru kwa meno. Kesho yake nilinunua kufuli, nikalifunga mlango wa banda, ufunguo nikautia kwenye uzi wa rozari na kuuvaa shingoni. Kila aliyeuliza nilimwambia ni wezi, na wezi walikuwapo kweli, kwa hiyo kila mtu aliniamini. Lakini sikumfungia mwizi yeyote. Nilimfungia yeye.

Mwisho wa mwezi wa kumi, Jumamosi, akina mama wa kikundi tuliitwa parokiani kusafisha kanisa kwa ajili ya sikukuu ya watakatifu wote. Niliondoka asubuhi nimewaachia kuku maji. Jirani yangu hakwenda kwa sababu mtoto alikuwa na homa. Mume wangu alikuwa ameitwa karakana kwa mkutano, wa kuambiwa tena wangoje. Nilidhani nitarudi saa sita. Tuliosha benchi, tukapiga domo, tukaosha sakafu, na jua lile la kabla ya mvua, jua jeupe lisilo na wingu, lilikuwa linahama juu yetu polepole kuelekea magharibi, kuelekea mlango wangu wa bati na ukuta wangu wa lami.

Ilikuwa saa tisa nilipofika kona ya barabara yetu. Nikasikia bati linalia. Nilikimbia nikidhani ni waporaji. Juu ya paa la banda langu niliona jirani yangu, miguu ameizungushia vitambaa kwa sababu bati liliunguza, mtoto amelia mpaka amechoka chini ya kivuli, na mkononi ana mtaimbo wa mume wangu. Alikuwa anang'oa misumari.

Nisingependa kuandika nilichosema, lakini nilisema nitaanza na ubaya wangu, na nimalize nao. Sikuuliza habari za kuku.

"Hata vyombo vya bwana yangu viko kwako?"

Alisema tu, bila kugeuka, "Yaya, leta funguo."

Nilipofungua mlango, hewa iliyotoka ilinipiga usoni kama mtu amefungua tanuru la mkate. Walikuwa wamelundikana kwenye kona ya mbali, kutafuta ubaridi ambao haukuwapo. Wa juu walikuwa wanahema bado. Wa chini walikuwa wamekwisha. Kumi na mmoja. Niliwatoa mmojammoja, na shingo zao zilikuwa laini mikononi mwangu. Yeye aliruka chini akasema wazima watiwe miguu majini, upesi, na mimi nikatafuta chombo, nikaona dirishani beseni langu la maua mekundu. Ndiyo siku ya kwanza lilipotumika. Tuliwasimamisha ndani yake watatu watatu, tukawamwagia maji miguuni, yeye na mimi, hatutazamani.

Walibaki tisa. Hakuniuliza. Alichukua upande mmoja wa beseni, mimi nikachukua upande wa pili, tukawavusha mpaka kwenye banda lake.

Niliingia humo kwa mara ya kwanza. Nilikaa chini kwenye pumba za mbao. Nje jua lilikuwa linaunguza vilevile, na ndani upepo ulikuwa unapita shingoni mwangu, mdogo, bila haraka, unaingia huku na kutokea kule, na juu ya kichwa changu hewa ya moto ilikuwa inatoka kwenye ule uwazi. Kuku wake kumi na wanane walikuwa wanachakura kama vile hakuna kilichotokea duniani. Niliwaonea wivu kuku.

"Njo ile alikuchorea," jirani yangu alisema. Alikuwa amemweka mtoto kwenye titi. "Mi nilitaka tuiweke kule, chini ya mwavokado. Alikatala. Akasema, tuweke hapa karibu na jiko ya bibi yangu, akuwe anaiona kila siku. Pengine ataniambia nimujengee ya vile."

Miezi yote ile nilikuwa nimechungulia tunduni kutafuta kosa la mume wangu, na kosa lenyewe lilikuwa hilo.

Mume wangu aliporudi alilitazama banda lililong'olewa paa, akatazama kuku kumi na mmoja mstarini. Majirani wengine walisema tuwale. Aliwafukia nyuma ya choo. Hakunigombeza, na jioni alishusha sanduku la nguo kutoka juu ya kabati, akalifuta vumbi, akaliweka karibu na mlango. Ahadi ilikuwa ahadi.

Mtu atadhani baada ya hapo wivu ulinitoka. Haukunitoka. Asubuhi iliyofuata nilichana kitenge changu cha zamani cha buluu, nikaingia katika banda la jirani, nikawafunga kuku wangu tisa kitambaa mguuni kila mmoja, ili yai likitoka ijulikane ni la nani. Yeye alinishikia kuku nikiwafunga. Alisema ni wazo zuri.

Mvua zilianza mwezi wa kumi na moja. Kuku waliopigwa na joto hawatagi upesi. Hata wake walichelewa. Kila asubuhi mume wangu aliuliza, na kila asubuhi nilisema bado. Aliliweka sanduku letu wazi, na vitu vikaanza kuingia humo kimojakimoja: shuka, sufuria ndogo, vyeti vya ubatizo vya watoto. Mdogo wake alituma maneno kwamba kuna lori litapita kabla ya Noeli, nafasi ipo. Nilikuwa nakaa jikoni natazama banda lile, nikijiona Pweto, samaki mkononi, na wanawake wamekaa chini wanacheka.

Zilibaki siku nne kufika Noeli jirani yangu alipokuja. Alisimama mlangoni kwetu na sahani iliyofunikwa kitambaa, akamwita mume wangu pia, tukatoka wote wawili. Alifunua. Yai moja, dogo, la kahawia, lina doa la damu kama mayai ya kwanza yanavyokuwa.

"Ni ya kuku ya yaya," alisema. "Nimemuona mwenyewe. Ile ya kitambala."

Mume wangu alinitazama. Mimi sikulishika yai. Nilipita katikati yao, nikavuka, nikaingia ndani ya banda, nikainama. Nilitazama mguu mmoja baada ya mwingine, kuku ishirini na saba wote wekundu, wote sawa. Hakukuwa na kitambaa hata kimoja. Vilikuwa vimedonolewa siku nyingi, vipande vya buluu vimezama katika pumba na mavi. Hakuna mtu aliyeweza kujua yai lile ni la nani, na yeye ndiye aliyekuwa akifagia humo kila asubuhi.

Nilipotoka alikuwa amesimama palepale na sahani yake. Mumewe alikuwa bado Kasomeno chini ya lori. Hilo lilikuwa yai la kwanza katika banda lake, na alikuwa hajaonja yai tangu duka liporwe, nilijua, maana nilichungulia jiko lake kila siku. Alinitazama usoni bila kupepesa.

"Ni ya kwetu?" mume wangu aliuliza.

"Ni ya kwetu," nikasema.

Mume wangu alirudi ndani. Tulimsikia akitoa sufuria ndogo katika sanduku na kuitundika mahali pake.

Tulibaki Lubumbashi, na nipo hadi leo. Banda lake nililionea wivu miezi mitano, ukaisha. Ule wa sahani haujaisha. Mimi ningekuwa na yai moja, mume hayupo, mtoto anatoka katika homa, nisingelipeleka kwa mwanamke aliyenunua kufuli kwa ajili yangu. Ningelichemsha, nikalila nimesimama, nikatupa maganda mbali na ua.